Mkono Wenye Kushika Kitambaa: Historia ya Kazi ya Usafi katika Inchi Yetu

Wazee wetu hawakupenda kufagia kiwanja kikavu. Asubuhi mapema mama alinyunyiza maji kwa mkono, kiisha akainama na ufagio wake, na vumbi haikupanda mpaka ku chakula. Sufuria ilisuguliwa kwa majivu na mchanga. Mambo haya hayakutoka mu kitabu, lakini yalikuwa na akili ndani yake. Leo hospitali nazo zinakataza kufagia pakavu, juu vumbi hubeba vijidudu na kuvishusha upya ku vitanda. Katika kurasa hizi tunataka kufuata historia ya kazi ile, tangu ilipogeuka kuwa kazi ya mshahara, na kuona ni nani aliyelipa pale ilipofanywa vibaya.

Mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianza mwaka wa 1910. Wakoloni walitenga mji wa Wazungu na cité ya Waafrika kwa eneo tupu katikati, wakisema ni kwa ajili ya afya. Lakini kila asubuhi «maboyi» walivuka eneo lile, wakaingia mu nyumba za Wazungu, wakafua mashuka, wakapangusa meza, wakasugua choo. Mtu aliyedhaniwa kuleta ugonjwa ndiye aliyepewa kazi ya kuuondoa! Mwaka wa 1965 André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Kitabu chake, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kilitolewa pamoja na tafsiri na Johannes Fabian mwaka wa 1990. Tunakitaja juu kinatukumbusha kwamba wenye kusafisha waliona mengi, na walikuwa na la kusema.

Tukitoka ku nyumba za watu na kuingia hospitali, ndipo hasara ya kutojua inaonekana wazi. Mwaka wa 1976, kule Yambuku, ugonjwa wa Ebola ulijulikana mara ya kwanza. Mu hospitali ya misioni wauguzi walipewa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa tu mu maji ya vuguvugu. Kwa macho ilikuwa safi, lakini kuonekana safi si kuwa salama. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Katika eneo zima wagonjwa walihesabiwa 318, na 280 kati yao hawakupona.

Miaka 19 baadaye, mwaka wa 1995, ugonjwa ulirudi ku Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu robo yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Walikuwa wakishika matapishi, damu na mashuka kwa mikono mitupu. Glovu, barakoa na mabuti vilipofika na watu wakafundishwa kuvitumia, maambukizi kati yao yakapungua sana. Namna ya kujikinga ilikuwa imekwisha kujulikana; kilichokosekana ni vifaa vyenyewe.

Kivu ya Kaskazini na Ituri tulipata funzo lile kwa njia ndefu zaidi, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3.470, marehemu 2.287. Ndobo yenye robine ilisimama ku kila mlango, hata ku kanisa na ku soko. Wakati ule wengi wetu tulijifunza kuheshimu fundi wa usafi, yule tuliyezoea kumwita tu «mutu wa kufagia». Kazi yake ina utaratibu. Anaanza mahali penye uchafu kidogo, anamalizia penye uchafu mwingi, asihamishe ugonjwa kwa kitambaa chake. Anatoka juu kwenda chini, juu uchafu huanguka. Damu au matapishi anayafunika na kuyaondoa kwanza, anaosha kwa sabuni, kiisha ndipo anapaka klorini na kuiachia dakika zake, juu klorini inayokuta uchafu inamaliza nguvu zake pale pale. Kwa sakafu na vyombo ni klorini ya asilimia 0,5: ukiwa na unga wa asilimia 70, ni gramu 7 kwa litre moja ya maji. Kwa mikono ni mara kumi chini ya hapo. Maji ya leo hayatunzwi kwa kesho, wala hayaachwi ku jua.

Kuna hatari nyingine ambayo haina Ebola ndani yake. Maji ya Javel, yenye jina la kijiji kilichokuwa karibu na Paris, yanauzwa mu kila duka letu. Mtu akiona choo hakitakati, anaongeza asidi ya kuondoa madoa ndani ya Javel, akifikiri dawa mbili ni bora kuliko moja. Hapana! Mvuke wa klorini unatoka palepale. Mvuke huo ndio Wajerumani walioutuma juu ya askari wa Ufaransa karibu na Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Mu choo kidogo kisicho na dirisha, mwenye kusafisha anaweza kukosa pumzi mbele hata ya kuita mtu. Javel hushirikiana na maji tu, tena maji baridi. Na choo chenye mkojo mwingi humwagiwa maji mengi kwanza, juu Javel na mkojo navyo hutoa mvuke mubaya.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaongoza shule, ofisi, parokia au hospitali. Tunajua jina la kila mwalimu na kila daktari. Je, tunajua jina la anayefika saa kumi na moja asubuhi na ndobo yake? Ana glovu zisizotoboka? Kuna mtu aliyemwonyesha kipimo cha klorini, ao alipewa chupa tu na kuambiwa «safisha»? Tunapoandika desturi zetu, tusiandike ngoma na ndoa peke yake. Mama aliyenyunyiza maji mbele ya kufagia, boyi aliyevuka eneo tupu, na fundi wa usafi wa Butembo, nao ni sehemu ya historia yetu. Heshima yao ya kwanza ni kuwapa vifaa.