Bastola Iliyosahau Vita

Mwaka 1959, kwenye mji mdogo wa milimani unaoitwa Big Bear, California, askari mmoja wa kaunti ya Los Angeles alifanya kitu ambacho wenzake hawakukitarajia. Aliinua bastola hadi usawa wa macho, akaishika kwa mikono miwili, akalenga, ndipo akafyatua. Jina lake Jack Weaver. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kupasua maputo. Wenzake walikuwa wakichomoa na kufyatua kutoka kiunoni, kama vile sinema za kauboi zilivyowafunza, na risasi nyingi ziliishia mchangani. Weaver alichelewa kidogo kuliko wao, lakini maputo yake yalipasuka. Akawashinda.

Mwandalizi wa michezo ile alikuwa Jeff Cooper, luteni kanali mstaafu wa wanamaji wa Marekani, jamaa aliyekuwa na shahada ya historia na mdomo usiokubali kushindwa. Cooper alikuwa na swali moja: ikiwa mtu atalazimika kujitetea kwa bastola, ni njia gani inayofanya kazi kweli? Jibu hakulitafuta vitabuni. Alisema kila mtu aje na bastola anayoitaka, ashike anavyotaka, asimame anavyotaka, kisha tuone nani atabaki. Huo ndio mwanzo wa mchezo unaoitwa leo ulengaji shabaha wa kivitendo. Hilo neno "kivitendo" liweke kando kidogo. Ndilo litakalotusumbua mbele.

Bastola iliyotawala miaka hiyo ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Colt M1911, kazi ya John Browning, ilikubaliwa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911 baada ya majaribio ambayo mafundi wanayasimulia mpaka leo: risasi 6,000, bastola ikipata moto mpaka inatumbukizwa majini ipoe, na haikukwama hata mara moja. Mshindani wake, Savage, ilikwama mara 37.

Sasa hebu tuiangalie kwa jicho la mchezaji. Kilengeo chake kilikuwa kijidogo, karibu hakionekani. Kifyatulio kilikuwa kizito. Kitufe cha usalama kilikuwa upande mmoja tu, kwa hivyo ukiwa wa mkono wa kushoto, pole sana. Nyundo ilipokuwa ikirudi nyuma iliuma ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, na wengi walimaliza mashindano na damu mkononi. Tena ilikuwa imetengenezewa risasi za jeshi zenye ncha ya mviringo. Wachezaji, ambao risasi walijitengenezea nyumbani ili kuokoa pesa, walipenda za madini ya risasi zenye ncha bapa, kwa kuwa hukata tundu safi kwenye karatasi. Ncha bapa ilifika kwenye kile kijiteremko kinachoiongoza risasi kuingia mtutuni, ikagonga, ikagoma.

Hapo ndipo fundi aliingia kwenye hadithi. Kule Los Angeles palikuwa na Armand Swenson, ambaye wengi humtaja kama baba wa bastola ya mashindano. Alisugua vijiteremko mpaka vikang'aa, akaweka vilengeo vinavyoonekana, akabuni kitufe cha usalama kinachofikiwa na mkono wowote. Miaka ya baadaye akaja Bill Wilson wa Berryville, Arkansas, kijana wa familia yenye duka la vito na saa. Alikuwa fundi wa saa. Mwaka 1977 alianza kutengeneza bastola nyuma ya duka hilo hilo, na kampuni yake ipo mpaka leo. Mimi huona maana katika jambo hili. Saa na bastola ya aina hii ni ndugu: springi, meno, vipande vinavyosubiriana, na fundi anayejua kwamba unene wa unywele ndio tofauti kati ya kwenda na kusimama.

Mwaka 1976 wachezaji kutoka nchi kadhaa walikutana Columbia, Missouri, wakaunda shirikisho la kimataifa, IPSC, na Cooper akawa rais wa kwanza. Kaulimbiu yao ilikuwa maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Ukitaka kuelewa kila kilichofuata, elewa jinsi maneno hayo matatu yalivyogeuzwa kuwa hesabu.

Kasi: alama zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ukipata alama 100 kwa sekunde 20, umepata 5. Mwenzako akipata 100 hizo hizo kwa sekunde 19, amepata 5.26, na amekupita. Nguvu: uzito wa risasi kwa greni unazidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000. Ukivuka kizingiti, risasi zako zinazoangukia nje ya katikati ya shabaha zinalipwa vizuri zaidi kuliko za mwenye bastola dhaifu. Nia ya Cooper ilikuwa njema kwa mtazamo wake. Alitaka mtu asije na kibastola cha kuulia panya, ashinde kwa sababu tu hakirushi mkono.

Lakini si unajua watu? Wape hesabu, nao watatafuta mlango wa nyuma.

Kabla ya kuufungua mlango huo lazima nisimame kidogo, kwa sababu mchezo huu una kipande cha Afrika ambacho wapenzi wake hukipita haraka. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, Rhodesia, yaani Harare ya leo, na mshindi akawa Mrhodesia mzungu, Dave Westerhout. Ni mwaka 1977, jameni! Nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, serikali ya wazungu wachache ilikuwa inapigana na wapiganaji wa ukombozi vijijini, na hapo mjini watu wanashindania kombe la bastola. Hata mazoezi maarufu kuliko yote katika mchezo huu, risasi mbili kifuani na moja kichwani, huitwa "Msumbiji". Cooper alisimulia kwamba alielezwa na mamluki mmoja aliyekutana ana kwa ana na mpiganaji wa FRELIMO kwenye uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, Maputo ya sasa. Huyo mpiganaji hana jina katika hadithi hiyo. Amebaki kuwa mfano wa somo.

Kwa hivyo neno "kivitendo" halikuwa neno tupu. Shabaha ya kadibodi ilikuwa na mabega na kichwa, na watu walijua ni nani aliyechorwa pale.

Turudi kwa mlango wa nyuma. Katikati ya miaka ya 1980 vijana wawili wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, waliiangalia ile hesabu ya nguvu wakaona kitu. Risasi ya .45 ya kijeshi ina greni 230 na mwendo wa kama futi 830: jumla yake takriban 191. Lakini chukua .38 Super, risasi nyembamba ya tangu 1929, weka kichwa chepesi cha greni 115, ujaze baruti mpaka ifike futi 1,500. Unapata 172.5. Kwa hesabu, hiyo inaikaribia bastola kubwa. Na faida haikuwa hiyo tu. Baruti nyingi maana yake gesi nyingi, na gesi inaweza kutumwa kazi. Walifunga mdomoni mwa mtutu kipande cha chuma chenye matundu upande wa juu, kompenseta. Gesi inapotoka kwa kasi kupitia matundu hayo kwenda juu, mtutu unasukumwa chini. Teke la bastola linapungua, kilengeo kinarudi mahali pake, na risasi ya pili inaondoka kabla mwenzako hajamaliza kushusha mkono. Yaani kadiri risasi ilivyokuwa kali, ndivyo bastola ilivyotulia. Leatham alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1983, 1986 na 1988.

Gharama yake ililipwa vyumbani mwa mafundi. Ganda la .38 Super halikuwa limeshikwa pande zote ndani ya mtutu. Sehemu ndogo kwa chini, juu ya kile kijiteremko, ilikuwa wazi. Kwa mgandamizo ule mkali ganda lilipasuka hapo, na gesi moto na vipande vya shaba vikamrudia mpigaji usoni. Wamarekani, kwa utani wao mkavu, wakaubatiza ugonjwa huo jina: uso wa Super. Dawa ikawa kutengeneza mitutu yenye kijiteremko chake yenyewe, inayolifunika ganda lote.

Ugonjwa mmoja ukipona, mwingine unajitokeza. Kompenseta ni uzito, na uzito mdomoni mwa mtutu huchelewesha mtutu kuinama na kuachana na slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele. Sasa springi lazima ilegezwe. Ukiilegeza kupita kiasi, slaidi inagonga fremu kama nyundo ya mhunzi. Ukiikaza, slaidi haifiki mwisho na ganda tupu linabanwa katikati.

Kisha kuna kile kijino kinacholinasa ganda na kulivuta nje. Kwenye M1911 ni ukanda mmoja wa chuma ambao wenyewe ndio springi, na fundi huupinda kwa mkono. Ukiwa dhaifu, ganda linasimama wima mlangoni kama bomba la moshi. Ukiwa mkali, risasi mpya haiwezi kuteleza chini yake. Njia moja ya kujua ni kuivua slaidi, kuweka risasi bandia chini ya kijino na kuitikisa polepole: ibaki hapo, lakini isibanwe. Vidole ndivyo vinavyoamua, kama mama anayeonja chumvi. Na kabla ya hayo yote, mafundi watakuambia uanze na magazini. Andika namba kwenye kila moja. Bastola ikikwama mara tatu na mara zote ni namba 4, bastola haina kosa. Midomo ya namba 4 ndiyo imepanuka.

Mwaka 1990, huko Adelaide, Australia, Doug Koenig alishinda ubingwa wa dunia akiwa na kioo kidogo juu ya bastola chenye nukta nyekundu ndani yake. Huna haja ya kupanga kilengeo cha mbele na cha nyuma. Unaweka nukta juu ya shabaha, basi. Miaka hiyo hiyo fremu zikapanuliwa, magazini zikabeba risasi mara mbili ya zile za zamani. Ukiitazama bastola ya namna hiyo leo huioni Colt ya Browning tena: ni ndefu, ina matundu, ina kioo, ina mdomo mpana wa kupokelea magazini, na bei yake ni ya gari la mtumba. Ukiipeleka vitani, vumbi la siku moja lingeimaliza. Haiingii kwenye mfuko wa kawaida wa kiunoni. Inataka risasi iliyopikwa kwa ajili yake peke yake.

Cooper hakufurahi. Alilalamika hadharani kwamba mchezo umetekwa na watu wa vifaa. Na hakuwa peke yake: mwaka 1996 Bill Wilson, yule yule fundi wa saa aliyejenga jina kwa kuuza maboresho, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama kingine, IDPA, kinachotaka bastola za kawaida, zile ambazo mtu angeweza kuzibeba chini ya koti. Ndiyo kanuni zinazotumika Kirigiti, Kiambu, ambako wamiliki wa silaha wenye leseni hushindana. IPSC nayo iligawanya wachezaji wake kwa madaraja, mwenye bastola ya kiwandani asikutanishwe na mwenye roketi.

Hapo ndipo natofautiana na mzee Cooper. Yeye aliona usaliti. Mimi naona kitu kilichotokea bila mtu yeyote kukipanga: kila tupa iliyopita juu ya chuma kile iliiondoa bastola hatua moja kutoka kwa yule mtu asiye na jina kwenye uwanja wa ndege wa Lourenço Marques. Hata shabaha yenyewe ilibadilika. IPSC waliacha ile yenye kichwa, wakachukua kadibodi ya pembe nyingi, kama alama ya barabarani ya kusimama. Ukiniuliza mimi, bastola isiyofaa chochote isipokuwa kutoboa kadibodi ndiyo bastola ninayoweza kukaa nayo chumba kimoja.

Ningependa kuishia hapo, lakini mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola yake mpya, M17. Nyuma, juu ya slaidi yake, kuna kibati kilichofungwa kwa skrubu. Ukikifungua, chini yake pamechongwa mahali pa kuweka nukta nyekundu.