Dawa za usingizi na chanjo ya seli dhidi ya saratani

Chanjo ya seli ni tiba ambayo seli za kinga za mgonjwa mwenyewe hutolewa, huandaliwa maabarani ziitambue saratani, kisha hurudishwa mwilini. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa saratani hupasuliwa, watafiti wanachunguza iwapo dawa za usingizi na ganzi huidhoofisha kinga hiyo.

Chanjo yenyewe

Seli za dendriti, aina ya seli za kinga zinazotumika katika chanjo hiyo, zilielezwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Hubeba vipande vya adui na kuvionyesha kwa seli T za kinga katika tezi za limfu. Steinman mwenyewe, alipougua saratani ya kongosho, alitumia chanjo za seli hizo. Alifariki siku 3 kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel mwaka 2011.

Sipuleucel-T, chanjo ya aina hiyo, iliidhinishwa Marekani Aprili 2010 kwa saratani ya tezi dume. Damu hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli nyeupe. Siku 3 hivi baadaye mgonjwa hurudishiwa seli hizo kwa dripu. Hufanyika mara 3, kila baada ya wiki 2 hivi. Katika jaribio la wanaume 512, nusu ya waliochanjwa waliishi zaidi ya miezi 25.8, dhidi ya 21.7 kwa wenzao wasiochanjwa.

Athari za dawa

Maabarani, ketamini imezuia seli za dendriti za panya kukomaa. Mwaka 2003, katika utafiti mwingine wa panya, ketamini, thiopentoni na halotheni zilipunguza nguvu ya seli zinazoua saratani. Propofoli haikufanya hivyo.

Kwa binadamu picha ni tofauti. Jaribio kubwa la 2019 kwa wanawake 2,108 wenye saratani ya matiti lililinganisha ganzi ya sehemu pamoja na propofoli na usingizi wa sevoflureni: saratani ilirudi kwa takriban asilimia 10 kila upande. Jaribio hilo halikuhusu chanjo ya seli.

Kisii

Zamani huko Kisii, Kenya, wapasuaji wa jadi wa jamii ya Abagusii walifungua fuvu la mgonjwa bila dawa ya usingizi. Leo mgonjwa wa Kiogoro, eneo la Kisii, hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ketamini, mojawapo ya dawa zilizotajwa hapo juu, ni tegemeo la hospitali nyingi ndogo Afrika Mashariki, kwa kuwa haihitaji mashine ya gesi.

Hakuna ushahidi wa kumfanya mgonjwa aahirishe upasuaji kwa kuhofia dawa ya usingizi. Anayepata tiba ya seli amjulishe mtaalamu wa usingizi mapema.