Miaka 70 ya ugonjwa wa Royal Free: mafaili yalisomwa, wagonjwa hawakuulizwa

Julai 2025 ilitimia miaka 70 tangu daktari mmoja na sista wa wodi walazwe katika hospitali waliyokuwa wakifanyia kazi, Royal Free ya London, kwa maradhi ambayo wenzao hawakuyatambua. Siku 12 baadaye hospitali ikafungwa hadi Oktoba. Kufikia mwishoni mwa Novemba wafanyakazi 292 walikuwa wameugua, ilhali kati ya wagonjwa waliokuwa tayari wodini ni 12 tu waliopatwa. Hakufa mtu.

Wengi walisahau. Melvin Ramsay, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza hospitalini hapo, hakusahau. Aliufuatilia ugonjwa huo, unaojulikana leo kwa kifupi cha ME, karibu hadi alipofariki mwaka 1990. Mambo mawili yalimshughulisha. Kwanza, misuli ilichoka kwa kazi ndogo, na nguvu hazikurudi kwa kulala usiku mmoja: zilichukua siku tatu, nne, tano au zaidi. Pili, usingizi wenyewe ulivurugika, ndoto zikawa nzito. Ushauri wake ulikuwa mgonjwa apumzishwe mapema, asilazimishwe kujikaza.

Januari 1970 likazuka zogo. Madaktari wawili wa magonjwa ya akili, Colin McEvedy na A. W. Beard, waliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba yale ya 1955 yalikuwa histeria ya kundi. Walipitia mafaili, wagonjwa wenyewe hawakuwahoji. Hoja zao: wanawake walikuwa wengi mno, na homa ilikuwa ndogo kuliko malalamiko.

Hebu tuseme ukweli. Royal Free ilikuwa ikifundisha madaktari wanawake tangu miaka ya 1870, na wauguzi wake walikuwa wanawake. Kushangaa wingi wao pale ni kama kushangaa samaki soko la Feri. Histeria ya kundi ipo, na watu wa Bukoba wanakikumbuka kicheko kilichowashika wanafunzi wa shule ya Kashasha mwaka 1962. Lakini ripoti ya madaktari wa Royal Free ya mwaka 1957 ilitaja tezi zilizovimba na dalili bayana katika mfumo wa fahamu. Hayo yalipewa uzito mdogo, na neno histeria likawaandama wagonjwa kwa miongo mingi.

Yaliyofuata ni mafupi kusimulia. Mwaka 2011 utafiti wa Uingereza uliogharimu takriban pauni milioni 5, wenye washiriki 641, ulisifu mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo kwa wagonjwa wa ME. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba takwimu za utafiti huo, akanyimwa, hadi baraza la rufaa lilipoamuru zitolewe mwaka 2016. Waliozichambua upya waliona faida imepungua sana. Oktoba 2021 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ikaacha kupendekeza mazoezi ya aina hiyo.

Baada ya Uviko-19, wagonjwa wenye malalamiko kama yale ya Royal Free wamezidi kufika zahanati. Daktari unayesoma, kabla hujamwambia mgonjwa wako akakimbie asubuhi, muulize: ukitembea leo, kesho na keshokutwa unaamkaje?