Maana 645 za Kitenzi Kimoja

Mwaka 2011, wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walipomaliza kukipitia upya kidahizo cha run, kitenzi hicho peke yake kilihesabiwa maana 645. Kazi hiyo ilimchukua mwanaleksikografia Peter Gilliver takriban miezi tisa. Katika toleo la pili la kamusi hiyohiyo, la mwaka 1989, kidahizo kirefu kuliko vyote kilikuwa set, kwa hiyo habari ya run ilipokewa kama matokeo ya mashindano: bingwa wa zamani kapitwa. Hata hivyo, katika miaka hiyo 22 wasemaji wa Kiingereza hawakuacha kutumia set, wala hawakubuni mamia ya matumizi mapya ya run. Kilichobadilika zaidi ni kamusi yenyewe: ushahidi uliongezeka, na wahariri wakaamua upya wapi pa kutenganisha na wapi pa kuunganisha. Dai langu ni kwamba idadi ya maana za kitenzi cha aina hii hutueleza zaidi kuhusu anayehesabu kuliko kuhusu kinachohesabiwa.

Tuanze na jinsi hesabu inavyofanyika. Kwa run ya Kiingereza, Kiswahili kina mto unaotiririka, duka linaloendeshwa, kanga inayochuja rangi, pua inayotoa kamasi, mashine inayofanya kazi, mwanasiasa anayegombea ubunge. Msomaji wa Kiswahili akiiona orodha hiyo atasema mara moja kuwa run ina maana sita, na kumbe amevihesabu vitenzi vya lugha yake. Mambo hugeuka Mwingereza anapokutana na piga. Sisi tunapiga simu, pasi, kura, deki, mbizi, miayo, magoti na soga, naye atahitaji kitenzi tofauti karibu kila mahali. Je, mtoto wa Tanga anayejua kupiga mswaki na kupiga chafya amebeba kichwani maana mbili za piga? Yaelekea sivyo. Habari nyingi zimo katika nomino, na kitenzi huchangia kidogo tu zaidi ya kuonyesha kuwa pana tendo linalofanyika. Sehemu kubwa ya wingi wa maana unaostaajabiwa basi haimo ndani ya kitenzi. Imo katika majirani zake, na huonekana wazi zaidi kwa anayekitazama kutoka lugha ya nje.

Pingamizi la kwanza ni la kihistoria. Huenda ikasemwa kuwa run ina kiini kimoja kinachojulikana, yaani mwendo wa haraka wa miguu, na kwamba mengine yote ni sitiari zilizochipuka humo. Basi tukizifuata sitiari hizo tutazihesabu bila ubishi. Historia ya neno haiungi mkono hoja hii. Tangu enzi ya Kiingereza cha Kale, kitenzi hiki kilitumika kwa maji yanayotiririka kama kilivyotumika kwa mtu au mnyama anayekimbia. Nduguye wa Kijerumani, rinnen, leo husemwa hasa kuhusu kioevu kinachotiririka au kuchuruzika, na mbio za miguu zikaachiwa rennen. Hakuna sababu ya kuufanya mto kuwa mgeni na mguu kuwa mwenyeji. Tafsiri ya kwanza wanayopewa wanafunzi wetu, kukimbia, inazidisha upotofu huo, kwa sababu kukimbia kwetu kuna harufu ya kutoroka: mtu hukimbia vita, hukimbia madeni. Run peke yake haina woga huo. Kiingereza huuongeza kwa neno jingine la kuashiria kwenda mbali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka upande wa pili kabisa. Kama majirani ndio wanaofanya kazi yote, kwa nini tusiseme kuwa run ina maana moja tu, pana na ya jumla? Mwanaisimu Charles Ruhl aliutetea msimamo wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu umoja wa maana. Anatusaidia kukata matawi ya ziada, lakini akifika shinani hatuwezi kumfuata. Sentensi isemayo kuwa fulani alipiga simu na pasi huchekesha, na kicheko hicho ni ushahidi kwamba matumizi hayo mawili hayakai chini ya kitenzi kimoja kwa utulivu. Kiingereza nacho hucheka hivyohivyo mtu akiambiwa kuwa anaendesha kampuni na kukimbia marathoni kwa run moja. Isitoshe, mgombea wa Marekani husemwa kuwa anakimbia, ilhali yule wa Uingereza kwa desturi husemwa kuwa anasimama. Hakuna maana ya jumla, hata iwe pana vipi, inayoweza kutabiri kwamba shughuli ileile itakuwa mbio upande mmoja wa Atlantiki na kusimama upande wa pili. Hayo ni makubaliano ya jamii, na hujifunzwa moja moja. Kwa hiyo matumizi lazima yaorodheshwe. Ninalokataa ni kuiita kila nambari katika orodha maana inayojitegemea.

Atabaki mtunga kamusi na lalamiko lake la haki kabisa: hawezi kuchapisha nadharia, ni lazima agawe kidahizo mahali fulani. Agawe, lakini kwa kigezo kinachoonekana. Katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, run ingepangwa vizuri zaidi kwa kufuata kiima na yambwa (kioevu, chombo, taasisi, mgombea, rangi ya nguo) kuliko kwa nambari zinazoanzia kukimbia na kushuka hadi mtafutaji achoke. Msomaji huja na sentensi yenye jirani tayari. Anachokosa ni mlango wa kuingilia, na mlango huo ni nomino aliyoishika mkononi.