Chuo cha Berea na Sheria ya Day ya Mwaka 1904

Shule iliyoasisiwa na mpinga utumwa John G. Fee huko Kentucky, Marekani, mwaka 1855, ndiyo iliyokua kuwa Chuo cha Berea. Mwaka wa masomo 1866/67 ilikuwa na wanafunzi 187: Weusi 96 na Weupe 91. Mshikamano huo haukuvunjwa na wanafunzi. Ulivunjwa na bunge la jimbo, lililopiga marufuku masomo ya pamoja mwaka 1904. Carter G. Woodson, mwanahistoria mashuhuri baadaye, alikuwa amehitimu mwaka mmoja tu kabla.

Rufaa ya chuo ilishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1908. Berea ikabaki na Weupe. Weusi walijengewa Taasisi ya Lincoln, iliyofunguliwa mwaka 1912. Lakini hiyo, jambo lisilopaswa kupuuzwa, ilikuwa sekondari ya bweni. Sheria ililegezwa mwaka 1950, nao wakarejea Berea.