Yasiyoandikwa Kwenye Daftari: Miaka Kumi ya Kikundi Chetu



Kamati ya maandalizi imeniomba mimi mwenyekiti niandike historia ya kikundi. Basi nikalitoa daftari la mihutasari, lile la kwanza lenye jalada gumu la bluu, nikavaa miwani, nikasoma jioni mbili. Kila kitu kimo: tarehe, mahudhurio, hisa, mikopo, faini za waliochelewa na faini za walioacha simu ikalia kikaoni. Lakini nilipolifunga nikaona kama nimesoma habari za watu nisiowajua. Hamna nyumba humo ndani. Hamna watoto, hamna kuku, hamna magoti yanayouma. Na pana mahali pamoja daftari linasema jambo ambalo si kweli. Hilo nitalieleza, maana saini iliyo pale chini ni yangu.

Mimi nimeishia darasa la saba, historia ya kisomi siiwezi. Nitaandika kama ninavyokumbuka.

Wengi wetu hapa Muheza ni watoto wa mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni, uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote haya, na yakaja na watu. Babu yangu mzaa baba alitoka Songea akiwa manamba. Alikuwa na kipande, karatasi ya kutiwa alama kila siku aliyofanya kazi, na mpaka alama zitimie 30 ndipo alipwe. Akiumwa katikati, siku haihesabiwi. Baba naye akakata mkonge, majani 30 kila fungu, mikono imejaa makovu ya miiba. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Nilipoolewa mimi, mwaka 1990, mashamba mengi yalikuwa pori na kambi zimebaki na wazee.

Nayasema haya kwa sababu tukiulizwa kikundi kilianza lini tunajibu mwaka 2015, lakini haja yake ilianza pale mishahara ya wanaume ilipokatika na sisi akina mama tukabaki na jiko. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua kambini. Hakuwa na benki. Shilingi zake za siku alizifunga kwenye pindo la kanga, na zikizidi anazifukia ndani ya gunia la mahindi, chini kabisa. Ilikuwa ile miaka ya shida baada ya vita vya Uganda, sukari kwa foleni, sabuni hakuna, nguo tunafulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 alitia mkono kwenye gunia atoe pesa ya kununulia mafuta ya taa, akatoa vipande vipande. Panya walikuwa wamezila noti zote, hata ile ya kuninunulia sare. Mama hakulia. Aliviweka vile vipande kwenye sahani, akavitazama muda mrefu, kisha akaenda kwa jirani kuomba mtoto wa paka.

Watu wanasema Mswahili hapendi mnyama. Mimi sikubali. Mama hakuwa mtu wa kumbeba paka wala kuongea naye, alisema paka ni mfanyakazi, kazi yake panya. Lakini siku za dagaa vichwa vilikuwa vya paka, na ole wako umguse kwa mguu.

Baadaye mama aliingia kwenye upatu na wenzake kumi. Upatu ni mzuri, ila una tabu yake: wa kwanza anapokea akiwa na raha, wa mwisho anangoja na moyo juu, na pesa hazizai. Huu mtindo wetu wa hisa na sanduku ni mwingine. Ulianza kwa wanawake wa Niger, huko Afrika Magharibi, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaja mpaka Zanzibar, ukavuka huku bara na tukauita VICOBA. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba haukubuniwa na watu wenye pesa. Ulifanyiwa majaribio na akina mama wasiojua kusoma, wanakariri hesabu kichwani.

Sisi tulianza Machi 2015, wanawake 18, chini ya mwembe. Mvua za masika zilipotufukuza tukahamia barazani kwangu, na ndipo tulipo hadi leo. Hisa moja shilingi 2,000, mwisho hisa tano kwa kikao. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Kikao cha tatu au cha nne, mvua inanyesha, paka mdogo mweusi mwenye kifua cheupe aliingia, maji yanamtiririka, akapanda juu ya sanduku akajikunja. Mweka hazina akasema muacheni, huyo ndiye kufuli la nne. Tukamwita Kibubu. Kwenye mihutasari hayumo, lakini nadhani kamshinda kila mtu kwa mahudhurio, na faini hajawahi kulipa.

Kuhusu waume zetu sitaandika mengi, maana nao watakisoma kijitabu hiki. Wapo waliosema tunakwenda kusengenya. Wapo waliongoja siku ya mgao ndipo wawe wapole. Na wapo waliotubebea viti, Mungu awalipe.

Kazi zilizotoka kwenye lile sanduku mnazijua. Maandazi, machungwa ya kupeleka Dar es Salaam, mitumba, cherehani, mabati. Mimi mwenyewe nyumba yangu niliipaua kwa mikopo mitatu, na chumba cha nyuma bado hakina dari. Mwaka 2018 ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tukaambiwa kila kikundi kijisajili. Tulilalamika sana, safari za ofisini na picha za pasipoti, lakini baadaye tukaona faida. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka 2024. Vikundi vilivyoitegemea peke yake vilitetereka. Sisi tulikuwa na sanduku letu.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Ukurasa wa 41 wa daftari, kikao cha Novemba 2018, pameandikwa: "Mwanachama namba 14 amejitoa kwa hiari yake." Sitamtaja jina, wa zamani wanamjua na wapya hawana haja. Alikuwa mshonaji, na ndiye aliyetushonea sare zetu za kwanza. Mwaka ule alikopa shilingi 600,000 azidishe kuku wa kienyeji, tukampitishia bila shaka yoyote kwa sababu alikuwa mlipaji mzuri. Kiangazi kikaingia na mdondo. Asiyefuga hajui ugonjwa ule. Jioni kuku anasinzia, asubuhi kinyesi cha kijani, shingo inapinda, na ukimwona mmoja ujue wote wameshaondoka. Kwa wiki moja banda lake lilibaki na majogoo mawili.

Akaja kwangu usiku akasema, "Dada, nipeni mpaka mavuno ya mahindi." Nikamwambia katiba ni katiba, miezi mitatu ikipita bila rejesho tunachukua mali. Nilisema hivyo kwa sauti ya uenyekiti. Niliogopa nikimhurumia mmoja kesho watakuja kumi. Na kusema kweli niliogopa pia kwamba mkaguzi angekuja mwisho wa mwaka akute tuna mkopo mchafu.

Tulikwenda wanne kulichukua cherehani. Hakupiga kelele. Alitoa uzi uliokuwa kwenye mashine, akatoa sindano, akavifunga kwenye kitambaa, akatusaidia kubeba mpaka barabarani. Lilikaa kwangu miezi miwili likisubiri mnunuzi, na Kibubu akawa analala juu yake. Likauzwa kwa bei ambayo mpaka leo naona aibu kuiandika, na deni halikwisha. Wadhamini wake wawili wakamalizia. Yeye hakurudi kikaoni. Katibu akaniuliza tuandike nini, nikasema andika kajitoa.

Hakujitoa. Sisi tulimtoa, na aliyeongoza ni mimi.

Mwaka uliofuata bwana mifugo alikuja kutufundisha chanjo. Tone moja kwenye jicho la kuku, kila miezi mitatu, basi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa majirani kadhaa na bei yake haifiki hata ya kuku mmoja. Kuku akishaugua hakuna dawa, lakini kabla hajaugua ni tone tu. Nilikuwa nimekaa mbele, nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya natafuta kuni. Sisi kikundi kizima tulijua kuhesabu riba ya laki sita, na hatukuwa na mtu mmoja aliyejua habari ya tone.

Tangu mwaka 2020 katiba yetu ina vipengele viwili. Mkopo wa kuku hautoki bila chanjo. Na mwanachama akipatwa na janga lililothibitishwa anaongezewe miezi sita bila faini. Wageni wanatusifu kwa vipengele hivyo, wanauliza tumejifunza wapi. Huwa tunasema tulijadiliana. Kijitabu hiki kiseme ukweli: vilitoka kwa namba 14, na yeye havikumsaidia.

Kwa upande mwingine wa miaka kumi, tumezeeka. Niliangalia matumizi ya mfuko wa jamii. Miaka mitatu ya kwanza ni uzazi, uzazi, uzazi, na msiba mmoja. Miaka hii ni vipimo vya presha, dawa za sukari, miwani, nauli ya hospitali ya Bombo. Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka, sasa viti vya plastiki, maana kuna wenzetu wakikaa chini kuinuka kunahitaji kamati. Mimi usiku joto linanijia natupa shuka, nikitulia nalitafuta tena. Tarakimu za vitabu vya hisa sizioni bila kuzisogeza mbali, mpaka mkono unaishia. Vijana wetu wanapiga hesabu kwenye simu kabla sijafungua kalamu, na nimeshasema wazi kwamba uchaguzi ujao sigombei. Wanadhani natania.

Nyumbani kumekuwa kimya. Watoto wangu wote wameondoka, mmoja Tanga mjini, wawili Dar es Salaam, na nilikuwa sijui kwamba nitaikumbuka kelele. Asubuhi namsalimia Kibubu kabla sijamsalimia mtu. Marehemu mama angenicheka sana. Panya siku hizi wanapita mbele yake, anawatazama kama mzee wa kazi aliyestaafu, nami simlaumu. Sandukuni hapandi tena kwa kuruka, namnyanyua.

Namba 14 haijapewa mtu mwingine. Hakuna azimio, ila kila mwanachama mpya akiingia katibu anairuka, na hakuna anayeuliza.

Wiki iliyopita nilimpelekea kadi ya mwaliko mwenyewe, sikumtuma mtoto. Ana meza ya maandazi karibu na stesheni, na nyuma ya meza kuna cherehani jingine, la mkono, kuukuu. Nikamwambia niliyoyaandika hapa, nikamuuliza kama niyatoe au niyafute. Akaniambia, "Toa. Ila usiandike kwamba nililia, sikulia." Kweli, hakulia. Alifunga maandazi manne kwenye gazeti akanipa, pesa akakataa. Kama atakuja siku ya sherehe hakusema. Aliuliza tu kama yule paka bado yupo.