Osteopathi: Ilikotoka na Utakachokutana Nacho

Akina mama huniuliza kliniki, "Sista, huyo wa osteopathi ndiye daktari wa mifupa?" Hapana, si yule anayefunga plasta. Hebu nikueleze ilikotoka.

Mwaka 1864, huko Kansas, Marekani, daktari Andrew Taylor Still alifiwa na watoto watatu nyumbani mwake kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za siku hizo, nyingine za zebaki, hazikufaa kitu. Akazikatia tamaa. Mwaka 1874 akatangaza njia yake: mifupa na misuli ikinyooshwa kwa mikono, mwili hujiponya. Mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri, na wanawake wakapokelewa tangu darasa la kwanza.

Leo waliosomea osteopathi Marekani ni madaktari kamili, hata kupasua hupasua. Uingereza hutibu kwa mikono, chini ya sheria ya mwaka 1993. Kwa hivyo muulize anayekuhudumia alisomea wapi na amesajiliwa na nani.

Ukienda kwa sababu ya mgongo, kwanza utaulizwa maswali mengi: maumivu yalianza lini, uliwahi kuanguka, unatumia dawa gani. Sema yote, hata ile mimba changa ambayo baba watoto hajaambiwa. Utaombwa kupunguza nguo. Una haki ya kujifunika leso na kuwa na mtu wako chumbani. Atakutazama ukiinama, kisha akukande na kukunyoosha, na pengine kiungo kilie "ko!" Siku moja au mbili utahisi uchungu kama wa mtu aliyetoka kulima. Lakini ukifa ganzi katikati ya mapaja au ukishindwa kuzuia mkojo, kimbia hospitali.

Sasa, mtoto. Jina "homa ya uti wa mgongo" huwapotosha wengi, wakadhani dawa ni kukanda mgongo. Ni viini vilivyoingia kwenye utando unaofunika ubongo na uti. Ugonjwa uliowaua watoto wa Still hauponi kwa mikono, hata leo. Mtoto ana homa, shingo imekakamaa, utosi umevimba, amekataa kunyonya au ana degedege? Usimpeleke kukandwa. Mpeleke hospitali usiku huohuo, adungwe antibiotiki.

Kenya ilianza kuchanja dhidi ya viini vya Hib mwaka 2001, na vya nimokoko mwaka 2011. Vyote viwili huleta homa hiyo. Hebu chukua kijitabu cha kliniki uangalie kama sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimeandikwa zote.